Mlango wa Zamda

Asubuhi moja yenye ukungu, Mzee Kitwana aliung'oa mlango wa mpangaji wake, Zamda, ambaye hakuwa amelipa kodi tangu ajifungue. Ukungu ukaingia chumbani taratibu, ukazunguka kitanda alipolala mtoto.

"Nishitaki, mzee wangu," Zamda alisema kwa upole. "Baraza likiniamuru nihame, nitahama. Lakini kuning'olea mlango, sheria haikuruhusu."

Mzee alilijua hilo. Alisimama ameukumbatia ule mlango. Mtoto akapiga chafya.

"Basi tutaonana barazani," alisema. Akaurudisha mlango mahali pake, na kwa kuwa bawaba zilikuwa zimevunjika, akauegemea kwa mgongo usianguke. Mbele yake mji wote ulikuwa umetoweka. Nyuma yake, Zamda alianza kumwimbia mtoto.