Bangili ya Mwanahawa

Bangili ilipata moto kila Mwanahawa alipotamani kitu, na aliyeivaa ni mama yake, Bi Hidaya. Ndivyo sheria ilivyotaka: kijana ambaye bangi na vidonge vimemlia breki za akili, mzazi humshikia breki hizo mpaka apone. Bi Hidaya akiibonyeza tu, tamaa ya binti hutulia kama maziwa yaliyoepuliwa yakiwa yanafura.

Mwanzoni alibonyeza kwa ajili ya vidonge. Kisha akabonyeza binti alipotaka kumjibu, alipotaka kwenda kwenye ngoma ya harusi, hata alipotaka kucheka kwa sauti mbele ya wageni. Majirani wakamsifu, "Binti yako katulia, maji mtungini!"

Mwaka ukapita hivyo, laini kama usingizi wa mchana. Asubuhi moja, Bi Hidaya yuko jikoni anapika vitumbua, daktari akapiga simu. Ubongo umepona, alisema. Binti akabidhiwe bangili, ajishikie breki mwenyewe.

Bi Hidaya akaivua, akaifumbata kiganjani.

"Haya, mwanangu, leo ni yako. Unataka kuivaa?"

Mwanahawa alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono mapajani.

"Wewe waonaje, mama?"

"Nakuuliza wewe. Sema chochote. Unataka nini?"

Binti akakitazama kiganja cha mama yake, akangoja. Bi Hidaya naye akangoja, amefumbata vile vile, mpaka vitumbua vikaungua.

Bangili ilibaki baridi.