Muhuri wa Kitumbua

Mashavu alipeleka ofisini fomu ya msaada wa wafanyabiashara waliofungiwa kwa sababu ya maradhi. Karani aliivuta kwa ncha ya kalamu, kama kitu kinachonuka.

"Picha ya biashara ikifanya kazi iko wapi, mama?"

"Si mliifunga nyinyi wenyewe?"

"Bila picha hakuna msaada. Na leo ndiyo mwisho."

Mashavu alikwenda nyumbani, akarudi na jiko, chuma cha vitumbua na rojo la mchele wa mwisho aliowaumulia wanawe. Akakaa mlangoni pa ofisi, akawasha moto.

Harufu ilipoingia ndani, karani alitoka mbio, barakoa kidevuni.

"Nani kakuruhusu kufungua biashara? Hujui ni marufuku?"

"Ndiyo inafanya kazi hiyo, bwana mkubwa. Piga picha."

Karani akatazama kushoto na kulia, akameza mate.

"Hebu nifungie vinne, kabla askari hajatokea."

Akamnyooshea karatasi aliyotoka nayo, avifungie humo. Ilikuwa fomu ya Mashavu.

Mashavu akaitandaza gotini. Akaopoa kitumbua kinachochuruzika mafuta, akakiweka taratibu pale palipokuwa pakingoja muhuri.