Jembe Kwenye Msiba wa Nduwayezu

Jembe liliwekwa mezani likiwa bado na udongo mbichi, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Lilikuwa ushahidi.

Nyuma ya meza alikaa Mzee Makarius, mwenyekiti wa baraza la kijiji, miwani imeshuka mpaka ncha ya pua. Kando yake alikaa Bi Asia, mwenye duka, ambaye pia ni mjumbe wa baraza. Mbele yao Pelagia alipiga magoti, akapiga makofi taratibu, kama wanawake wa Kiha wanavyosalimia wakubwa.

"Mwakeye, wazee."

"Mwakeye," akajibu Makarius. "Inuka. Unashtakiwa kwa kulima wakati wa msiba. Tena msiba wa mume wako."

Darasa walilolitumia kwa baraza lilikuwa limejaa. Watu walisimama mpaka madirishani, ingawa benchi la nyuma lilikaliwa na mtu mmoja tu.

Msiba wenyewe ulikuwa hivi. Nduwayezu, mume wa Pelagia, alivuka mto Malagarasi kwenda kurina asali. Mtumbwi ulionekana umepinduka, yeye hakuonekana. Ukoo ukafanya kama inavyofanywa kwa mtu aliyechukuliwa na maji: wakakata mgomba wa urefu wake, wakaufunga shuka jeupe, wakauzika nyuma ya nyumba. Pelagia aliulilia mgomba ule mpaka sauti ikamkauka. Kila jioni alipochota unga wa ugali, mkono wake ulipima wa watu wawili.

Sheria ya kijiji ilikuwa fupi. Msiba ukishatangazwa, nyumba iliyofiwa haishiki jembe mpaka mzee wa ukoo aje kuondoa matanga. Atakayelima atatoa mbuzi. Na mzee wa ukoo alikuwa Kasanda, anaumwa miguu, na ametuma salamu kwamba asiharakishwe.

"Shahidi!" Makarius akaita.

Ntirampeba, jirani, akasogea mbele. "Nilimwona Jumatatu asubuhi, mvua imetoka kunyesha. Analima. Na hakuwa peke yake, mzee. Alikuwa na mwanamume."

Watu wakaguna.

"Mwanamume gani?"

"Jina siwezi kulitaja, ni mwiko. Lakini alikuwa amevaa koti la marehemu."

"Koti la marehemu?"

"Na mabuti ya marehemu. Tena walikuwa wanacheka."

"Na mgomba wenyewe haujaoza!" mwanamke mmoja akasema kutoka dirishani, akasonya.

Makarius akamgeukia Pelagia. "Unakubali?"

"Nakubali, mzee. Mvua za kwanza hazimsubiri mtu. Waombolezaji wamekula mbuzi wawili na debe zima la maharage ya mbegu. Hata mbegu nilizopanda alinipa Bi Asia. Nimebakiwa na mbuzi mmoja, na ana mimba. Mkimchukua huyo, sina cha kunifikisha kwenye mavuno."

Makarius akamtazama Bi Asia kwa jicho la pembeni. "Kumbe hata mjumbe ana mkono wake humu."

"Ninao," Bi Asia akasema bila kutikisika. "Mwenyekiti, tuangalie ubinadamu. Hayo maharage tumeyala sisi. Wewe mwenyewe uliongeza sahani."

Kicheko kikazuka. Makarius akagonga meza, jembe likaruka.

"Sheria hii iliwekwa ili mtu apate nafasi ya kulia," Bi Asia akaendelea. "Huyu ameshalia, sote tulimsikia. Na mambo yenyewe yamebadilika."

"Msiba haubadiliki, Bi Asia. Msiba unaondolewa. Na wa kuuondoa ni Kasanda."

"Basi tumtoze kuku."

"Leo kuku, kwa sababu tumemwonea huruma. Kesho mwingine atalima jeneza likiwa sebuleni, halafu atuletee yai. Hapana. Sheria ni msumeno."

Bi Asia akainama, akashusha sauti. "Tumsikilize basi na huyo mwanamume."

"Huyo ndiye anayeiharibu kesi kabisa," Makarius akasema. Akamwelekezea Pelagia kidole. "Kwa mara ya mwisho, mama. Ulikuwa na nani shambani?"

Pelagia alifuta viganja vyake kwenye kitenge, akatazama juu ya vichwa vya watu kuelekea nyuma, na uso wake, uliokuwa umekunjamana tangu siku ya mazishi, ukalegea.

"Mnamjua wote, mzee."

"Baraza halijui jambo ambalo halijaambiwa."

Benchi la nyuma likalia. Yule mtu mmoja aliyelikalia alisimama, akavua kofia. Koti lake lilinuka moshi wa mizingani. Watu waliokuwa karibu naye walisogea wakampisha, na hakuna aliyemtazama usoni.

"Ni mimi, mzee. Mtumbwi ulichukuliwa na maji nikiwa msituni, nikazunguka kwa miguu, ndiyo maana nimechelewa. Mwachieni mke wangu mbuzi wake. Naomba mtuhurumie."

Mzee Makarius akamtazama kwa juu ya miwani, bila kushtuka.

"Marehemu, kaa chini. Aliyezikwa hana sauti kwenye baraza hili, na kulima kwenye msiba wako mwenyewe ni kosa kubwa zaidi: mbuzi wawili. Na huruma usituombe tena, tulikupa yote. Tulikulilia wiki nzima."