Kikombe cha Mama Mkwe

Jiko letu halina moshi wala masizi, nakubali. Linatumia haidrojeni inayotengenezwa kwa maji ya mto. Ila mabomba ya majumbani yamefungwa ili kiwanda cha gesi hiyo, kinachomeza mto mzima, kisikose maji, kwa hiyo tunakunywa mvuke inaoutoa ikiungua, unaopoa na kuwa maji kwenye mrija wa jiko.

Leo mama mkwe kaja, koo limemkauka kwa safari. Nikawasha jiko bila kubandika kitu, nikakinga kikombe. Tone. Nikasubiri. Tone lingine.

“Sechelela, unapika nini na sufuria hakuna?”

“Napika maji, mama.”

Nilitamani kulipiga jiko teke. Mgeni anakosa hata maji ya kunywa, tena nyumbani kwangu!

“Si ungechota tu mtoni?”

Nikampa kikombe, hakijafika hata nusu.

“Mto wenyewe ndio huo, mama. Kunywa.”