Maoni ya Mtu Mmoja Yaliyopungua

Wakati huo maoni ya watazamaji yalikuwa sheria. Wengi walivyotaka mwigizaji awe, ndivyo alivyopaswa kuishi hata nyumbani kwake, mpaka wabadili kauli.

Zawena aliigiza mnyonya damu katika filamu ya gharama ndogo iliyopigwa Pongwe, kwa meno ya plastiki na damu ya juisi ya rozela. Watazamaji waliicheka filamu, lakini yeye walimpenda. "Huyu dada katisha kweli," waliandika. "Jua lisimguse."

Basi huo ulikuwa mwezi wa nne Zawena hajavuka kizingiti mchana. Hata mazishi ya shangazi yake aliyasikilizia kwenye simu.

Adhuhuri moja yakaja matokeo mapya. Waliotaka aachiwe walipungukiwa na mmoja tu ili washinde.

"Mmoja, mume wangu!" alilia. "Tumwombe jirani naye aitazame filamu, aandike niachiwe."

Shemdoe alikuwa akiweka pazia sawa.

"Mimi niliitazama," alisema. "Niliandika ubaki. Tangu ukae ndani, roho yangu imetulia."

Kisha akamuuliza, kwa upole wake ule ule, leo wanakula nini.