Jeli Iliyogoma Kuganda

Siwema alikoroga jeli ya nywele mara ya tatu, na bado ikachuruzika kwenye mwiko kama maji ya mchele. Unga wa jeli ni uleule, spiriti ileile, na bibi harusi kakaa kitini nywele timutimu, ndoa saa sita. Akachovya kidole kwenye ndoo ya maji aliyokorogea, akalamba.

"Nani katia chumvi humu?"

"Mimi, mwanangu," akajibu mama wa bwana harusi. "Ya kufukuza husuda."

"Mama, jeli hii ikionja chumvi tu, inakuwa maji!"

Saluni nzima ikaangua kicheko. Siwema akachota maji mengine mtungini, akakoroga upya. Jeli ikavimba, ikaning'inia mwikoni bila kudondoka. Pembeni, mama mkwe alishika pakiti yake ya chumvi, akikitazama kikombe cha chai cha bibi harusi.