Chupa ya Siku Arobaini

Maabara ya vijimea vya bahari haikuuliza tena vyeti. Kila aliyeomba nafasi ya utafiti alipewa chupa ya maji yenye vijimea hai vya kijani, aitikise taratibu na kuipulizia pumzi nyumbani kwa siku arobaini. Vijimea humzoea mtu mmoja tu.

Chupa ya Mishi, mwenye shahada mbili, ilirudi ikiwa ya kijani kuliko zote. Lakini alipoipulizia mbele ya mpimaji, ilipauka.

"Nani mwingine aliitunza?"

Mishi alimgeukia mama yake, Bi Mwanasiti, aliyekuwa amemsindikiza.

"Wewe ulikuwa umezama vitabuni, mwanangu. Niviache vife njaa?"

"Mama! Mara ngapi?"

"Kila siku. Na nyimbo nikaviimbia."

Mama akapuliza, na maji yakarudi kuwa ya kijani. Nafasi ikawa yake: miaka mitatu, kulala humo humo maabarani.

"Haya, profesa," Mishi alisema, akicheka.

Alimfungia begi mwenyewe: kanga nne, miwani, dawa ya presha. Kisha akaanza kujaza fomu ya maombi ya mwaka ujao. Palipoulizwa anaishi na nani nyumbani, kwa mara ya kwanza aliandika: peke yangu.